Mtoto wa Lugha Tatu Ajifunzapo ya Nne

Mtoto wa Bujumbura afikapo umri wa miaka kumi huwa amekwisha kuzoea jambo ambalo watu wengi wa nchi nyingine hawalipati hata uzeeni. Nyumbani husema Kirundi na mama yake. Akitoka mlangoni, hasa ikiwa nyumba yao iko Buyenzi au Bwiza, hununua sambusa na kugombana na wenzake kwa Kiswahili. Shuleni, baada ya miaka michache ya kufundishwa kwa Kirundi, hutakiwa ajifunze hesabu na sayansi kwa Kifaransa. Juu ya hizo tatu huja Kiingereza, nacho huja kikiwa na sarufi yake, imla yake na insha yake.

Si ajabu, basi, kwamba daftari la Kiingereza hurudi nyumbani likiwa limejaa wino mwekundu. Baba hulifungua, huona alama nne katika kumi, na kwa kuwa hajui kilichoandikwa wala kilichosahihishwa, hukata shauri kuwa mtoto ni mzito wa akili au mvivu. Aghalabu hukumu hiyo si ya haki. Makosa mengi yaliyomo katika daftari lile yana asili inayojulikana. Kila moja limetoka katika lugha fulani ambayo mtoto anaijua vizuri, na mwalimu au mzazi aijuaye asili hiyo anaweza kuliondoa kosa bila ya fimbo na bila ya kumfanya mtoto auogope ubao.

Kiingereza hakikuja Burundi kwa njia ileile iliyokipeleka Kenya, Uganda na Tanzania. Wajerumani waliojenga boma la Usumbura mwishoni mwa karne ya 19 walitumia Kiswahili katika shughuli zao na wenyeji, na Wabelgiji waliowafuata mwaka 1916 walileta Kifaransa. Kwa muda mrefu Kiingereza kilikuwa somo la shule za sekondari tu, na watu wengi waliokisoma walikisahau mara baada ya mtihani. Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 2000, Burundi ilipokuwa ikijitayarisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake uliitaja lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiingereza na Kiswahili vikaingizwa katika shule za msingi, na tarehe 1 Julai 2007 nchi ikawa mwanachama kamili pamoja na Rwanda. Mwaka 2014 sheria ikakipa Kiingereza cheo cha lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Sheria hupitishwa kwa siku moja, lakini mwalimu hafundishiki kwa siku moja. Walimu wengi waliokabidhiwa somo hilo walikuwa wamehitimu katika vyuo ambavyo kila somo lilifundishwa kwa Kifaransa. Tena mwaka 2005 ada za shule ya msingi zilikuwa zimefutwa, jambo lililokuwa la heri kubwa kwa watoto wa maskini, ila madarasa yakafurika, na shule nyingi zikalazimika kuwapokea watoto kwa zamu, wengine asubuhi na wengine alasiri. Mwalimu aliyejikuta na darasa kubwa, chaki chache na lugha asiyoimudu alifanya alichoweza. Aliandika kanuni ubaoni, akaieleza kwa Kifaransa, na watoto wakainakili. Desturi hiyo bado ipo mahali pengi, nayo ndiyo mzizi wa taabu.

Mkoba wa nani?

Hebu litazamwe kosa moja tu kwa utulivu. Mwanafunzi anaandika: "Fatuma loves his father." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya neno "his" na kuandika "her" juu yake. Siku ya pili mwanafunzi yuleyule anaandika: "Jean loves her mother." Mstari mwingine mwekundu. Mwalimu hukasirika, kwa kuwa jambo hili limekwisha kusahihishwa jana, na mtoto hushangaa, kwa kuwa kwa akili yake amefuata kanuni barabara.

Naam, amefuata kanuni, ila ni kanuni ya Kifaransa. Katika Kifaransa neno la kumiliki hufuata kitu kinachomilikiwa. Baba ni wa kiume, basi husemwa "son père", hata kama mwenye baba ni msichana. Mama ni wa kike, basi husemwa "sa mère", hata kama mwenye mama ni mvulana. Mtoto aliyeambiwa kuwa "son" ni "his" na "sa" ni "her" hana njia nyingine ila kukosea. Wala Kirundi na Kiswahili havimsaidii, maana navyo huangalia kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, watoto wake; na kwa Kirundi, igitabo ciwe. Mwenyewe awe mwanamume au mwanamke, si neno. Lugha zote tatu alizonazo mtoto humfundisha kutazama kitu. Kiingereza peke yake humtaka ainue macho amtazame mwenye kitu.

Pengine mtu atasema kuwa haya ni mambo madogo ya walimu. Askari polisi aliyewahi kuandika maelezo ya mlalamikaji hawezi kusema hivyo. Yachukuliwe maneno haya ya Kiswahili: "Mwanamume na mwanamke waligombana karibu na soko, kisha akachukua mkoba wake akaondoka." Ni nani aliyeondoka, na mkoba ulikuwa wa nani? Msikilizaji wa Kiswahili hana budi kuuliza. Kiingereza hakimpi mwandishi nafasi ya kukwepa. Ama "he took his bag", ama "he took her bag", ama "she took her bag", ama "she took his bag". Katika mbili ya kauli hizi mtu amekwenda zake na mali yake. Katika mbili nyingine huenda pana wizi. Mtoto aandikaye "his" mahali pa "her" leo katika insha hupoteza alama moja. Akiandika vivyo hivyo baada ya miaka kumi na mitano, akiwa amevaa sare, anaweza kumpotezea mtu siku kadhaa za uhuru wake.

Jambo hili halifundishwi kwa kunakili jedwali la viwakilishi. Hufundishwa kwa kuwasimamisha mvulana mmoja na msichana mmoja mbele ya darasa, kila mmoja na kitabu chake na mkoba wake. Mwalimu humshika mvulana begani na kuuliza kwa Kirundi, lugha ambayo hata mtoto wa nyuma kabisa ataisikia: mwenye kitabu ni nani, mvulana au msichana? Wakisha kujibu, ndipo sentensi ya Kiingereza itamkwe na darasa zima: "This is his book." Kisha kitabu cha msichana: "This is her book." Kisha, na hapa ndipo penye somo lenyewe, mvulana huchukua kitabu cha msichana: "He has her book." Darasa hucheka, na kicheko hicho hukaa kichwani kuliko mstari mwekundu. Watoto thelathini au themanini, somo ni lilelile, wala halihitaji hata kipande cha karatasi.

Itaonekana kwamba swali limeulizwa kwa Kirundi. Wako watu wazima ambao hawapendi hivyo, wakiamini kwamba lugha hujifunzwa kwa kuzifungia nje lugha nyingine. Imani hiyo ni ya zamani. Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake kiitwacho Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa zama zake walioshikwa wakisema Kikuyu karibu na shule walivyoadhibiwa na kuaibishwa mbele ya wenzao. Mtoto aliyenyimwa lugha yake hapati Kiingereza kwa ajili hiyo, hupata ukimya. Na mtoto aliyenyamaza, mwalimu hana la kumsahihisha.

Lugha tatu dhidi ya moja

Kuna sentensi ambazo lugha zote za mtoto huungana dhidi ya Kiingereza, na mwalimu mwenye busara huzijua kabla hajaingia darasani. Umri ni mfano wa kwanza. Mswahili husema "nina miaka kumi". Mrundi husema "mfise imyaka cumi". Mfaransa husema "j'ai dix ans". Wote watatu wanayo miaka, kama mtu aliye na mbuzi. Mwingereza yeye hana miaka, yeye ni wa miaka kumi: "I am ten years old." Mtoto aandikapo "I have ten years" amepigiwa kura na lugha tatu. Aonyeshwe kura hiyo ubaoni, lugha tatu upande mmoja na moja upande wa pili, aone kwa macho yake kuwa Kiingereza ndicho kilichojitenga, wala si yeye aliye mjinga. Njaa nayo huenda karibu na njia hiyo, isipokuwa Kirundi kina kitenzi chake, "ndashonje", ambacho kwa maana kinakaribia "I am hungry" kuliko Kiswahili au Kifaransa. Ni furaha kubwa kwa mtoto kuona lugha ya mama yake ikikaa karibu na Kiingereza.

Kivumishi ni mfano wa pili. Nyumba kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, jina hutangulia na sifa hufuata, na Kifaransa mara nyingi hufanya vivyo. Basi "a house big" si uzembe. Dawa yake ni mazoezi ya mdomo yafanywayo upesi upesi kila asubuhi kwa vitu vilivyomo darasani, mpaka sikio lenyewe likatae mpangilio ule mwingine.

Ama ile herufi "s" ya mwisho, hiyo ndiyo inayowatoa walimu jasho. "He go", "she play", "two book". Katika Kiswahili na Kirundi kila mabadiliko makubwa hutokea mwanzoni mwa neno: mtoto, watoto, umwana, abana, ninacheza, anacheza. Sikio la mtoto limezoezwa tangu utotoni kutega mwanzo wa neno. Kisha kikaja Kifaransa, ambacho huandika mikia mingi na kuinyamazia. "Il mange" na "ils mangent" husikika sawa kabisa. Kwa hiyo mtoto amejifunza mambo mawili: kwamba habari iko mwanzoni, na kwamba mkia wa neno ni pambo la karatasi tu. Kiingereza humwambia kinyume cha yote mawili. Mkia una habari, na lazima utamkwe. Kabla ya kudai "s" katika maandishi, mwalimu hana budi kuidai mdomoni, kwa miezi, na kwa nguvu iliyozidi kidogo. Mtoto asiyeisikia hataiandika.

Katika nyakati za vitenzi, hata hivyo, msaada uko karibu, nao huachwa bila kutumiwa. Mtoto aliyetoka katika Kifaransa huandika "I have eaten yesterday", kwa sababu Kifaransa cha kila siku husema "j'ai mangé hier". Akigeukia Kiswahili atapata kiongozi bora. "Nimekula" ni jambo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo sasa. Mtu aliyekaribishwa chakula husema hivyo na mwenyeji hufahamu kuwa ameshiba. "Nilikula jana" ni jambo la wakati uliopita na siku yake imetajwa. Ya kwanza hukaribiana na "I have eaten", ya pili na "I ate yesterday". Kirundi nacho hutenganisha yaliyopita leo na yaliyopita kabla ya leo, hivyo mtoto wa Kirundi anajua tangu utoto kwamba wakati uliopita una tabaka zake.

Mwalimu asiivute kamba hii kupita kiasi. Kiswahili cha mitaani hakichungi kila mara tofauti ya "me" na "li", na tena "amelala" hakumaanishi sawasawa "he has slept", maana huyo bado yuko usingizini. Vivyo hivyo "amevaa" na "amesimama". Mifano ya kuanzia ichaguliwe: kula, kufika, kununua, kuvunja. Mingine ingoje.

Ziko taabu nyingine zinazofaa kutajwa kwa haraka. Watoto wengi wenye Kirundi tu hawatenganishi "l" na "r", basi hutamka kuwa wanataka "to pray football", na mwenye kuwasikia hudhani ni wacha Mungu wa ajabu. Hapa watoto wa Buyenzi, waliozoea kutofautisha "kula" na "kura", wanaweza kuwa walimu wa wenzao. Maneno yanayofanana na ya Kifaransa nayo ni mtego: "library" si duka la vitabu, ingawa "librairie" ni duka la vitabu. Na vile vineno "a" na "the" ni tatizo lisilokwisha katika shule ya msingi. Kiswahili na Kirundi havina kitu cha namna hiyo, na Kifaransa huvitumia mahali ambapo Kiingereza huviacha. Mwalimu asipoteze wino wake hapo. Insha yenye maana iliyokosa "the" tatu inasomeka. Insha yenye kila "the" mahali pake lakini haina habari haina faida kwa mtu yeyote.

Insha isiyo na treni

Kuhusu insha, desturi mbaya kuliko zote ni kumpa mtoto kichwa cha habari asichokijua. Vitabu vya zamani vilivyotungwa kwa ajili ya nchi nyingine vilipenda safari ya treni, theluji, na siku ya kuzaliwa yenye keki na mishumaa. Bujumbura haina reli. Mtoto aambiwaye aandike juu ya safari ya treni hana analoliona akifumba macho, basi hufanya lile wafanyalo watoto wote werevu: hutafuta insha ya kaka yake, huikariri neno kwa neno, na kuimwaga chini ya kichwa chochote atakachopewa. Anaweza hata kupata alama nzuri, lakini hajatunga sentensi moja.

Hali mji wenyewe umejaa insha. Uko mwalo wa samaki, ambako mukeke na ndagala hupimwa na kubishaniwa tangu alfajiri. Ziko gereji za Buyenzi, ambako gari lililokwisha kukatiwa tamaa hufunguliwa na kufungwa tena. Ziko meli za mizigo zitokazo Kigoma na Mpulungu, na viboko ambao usiku hutoka ziwani kuja kula majani karibu na nyumba za watu. Mtoto aliyeona kiboko kwa macho yake hana haja ya kuombwa aseme. Shida ni kumnyamazisha.

Na aanze kwa kusema. Hii ndiyo hatua inayorukwa katika madarasa mengi, ati kwa kuwa wakati hautoshi. Mtoto asimulie kwanza kwa lugha yoyote aitakayo. Mwalimu amuulize maswali manne au matano: nani, wapi, lini, alifanya nini, kisha ikawaje? Majibu yageuzwe kwa Kiingereza kwa msaada wa darasa, sentensi moja moja, fupi, nazo ziandikwe ubaoni. Baadaye nusu ya maneno yafutwe, na kila mtoto ajaze mapengo kwa habari yake mwenyewe. Wiki inayofuata maneno yafutwe zaidi. Baada ya muhula mmoja ubao hubaki na maswali tu, na mtoto huandika mistari minane iliyo yake kweli.

Katika kusahihisha, mwalimu achague kosa la aina moja kabla hajayakusanya madaftari. Wiki hii ni "his" na "her". Wiki ijayo ni "s" ya mwisho. Mengine yaachwe yapite. Ni vigumu kwa mwalimu mwenye dhamira kuliona kosa na kulinyamazia, na wazazi wengine hudhani kuwa amezembea. Lakini mtoto aliyepewa masahihisho arobaini husoma alama tu na kulifunga daftari, na yule aliyepewa matatu huyasoma yote.

Kuna watoto ambao habari hii huwagusa kwa namna ya pekee. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao na wajukuu wao walisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo. Wengi walianza kurejea Burundi mwaka 2008. Darasani walikuta Kifaransa, lugha wasiyoijua hata neno, na watoto waliokuwa hodari Kigoma au Tabora wakajikuta wakikaa nyuma kama wasiojua kitu.  Katika somo la Kiingereza, kwa saa ile moja, mtoto wa namna hii ndiye tajiri. Mwalimu anayemketisha kati ya wenzake na kumpa kazi ya kusoma kwa sauti humrudishia heshima iliyopotea katika saa nyingine zote, na darasa hupata sikio la ziada.

Nyumba isiyojua Kiingereza

Wazazi wengi husema: "Sisi hatukijui, tutamsaidiaje?" Wengine huuza hata walichokuwa wakikiweka akiba wampeleke mtoto katika shule ya binafsi inayotangaza kufundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Shule hizo ziko nzuri na ziko mbaya, na bango la mlangoni halitofautishi. Kabla ya kulipa, mzazi aombe kuliona daftari la insha la mtoto wa darasa la nne au la tano. Kama insha za watoto watatu zinafanana neno kwa neno, amekwisha kujibiwa.

Nyumba isiyojua Kiingereza ina mengi ya kutoa. Mama anaweza kuisikiliza hadithi ya insha kwa Kirundi au Kiswahili kabla haijaandikwa, na kuuliza pale isipoeleweka. Hadithi isiyoeleweka kwa Kirundi haitaeleweka kwa Kiingereza. Anaweza kumtaka mtoto asome kwa sauti na kutega sikio la "s" mwishoni mwa maneno, jambo ambalo halihitaji kujua maana. Anaweza kumwonyesha maandishi yaliyo juu ya sabuni, dawa na makasha ya mafuta, kwa kuwa bidhaa nyingi zinazopitia Dar es Salaam huja na maandishi ya Kiingereza, na kumtaka atafute vitenzi. Dakika kumi na tano zatosha, mradi redio izimwe.

Askari, kwa upande wake, ana kitu ambacho mwalimu wa darasani hana. Kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 askari wa Burundi walihudumu Somalia katika vikosi vya Umoja wa Afrika, kwanza AMISOM na tangu Aprili 2022 ATMIS, pamoja na Waganda, Wakenya na wengineo. Wengi waliondoka nyumbani na Kifaransa kidogo, wakarudi na Kiingereza cha redio ya upepo na cha kizuizi cha barabarani. Baadhi yao hukionea haya, wakidhani si Kiingereza cha kufaa shuleni. Wasikionee haya. Amri ndiyo sura nyepesi kuliko zote ya kitenzi cha Kiingereza: haina "s", haina wakati, haina mtendaji wa kutajwa. "Stop." "Sit down." "Open the door." Baba akitoa amri na mtoto akatenda, wamekwisha kuanza somo.

Kisha huja zamu ya pili, ambayo ndiyo yenye thamani. Mtoto mwingine, au mama, hutenda, na mtoto anayesoma hutoa taarifa kama mlinzi kwa mkuu wake: "He stops." "She sits down." "She opens the door." Amri imegeuka kuwa habari, na mkia wa "s" umeingia wenyewe kwa kuwa sasa kuna mtu anayesemwa. Na kwa kuwa mlinzi lazima aseme ni mwanamume au mwanamke, "he" na "she" navyo hupata kazi yake. Baba aliye mbali anaweza kuufanya mchezo huu hata kwa simu, akiuliza: mama anafanya nini sasa? dada je?

Jioni, umeme ukikatika, kuna mchezo mwingine ambao Warundi walikuwa nao kabla ya shule yoyote. Mmoja huita "Sokwe!", wengine huitika "Niruze!", na kitendawili hutegwa. Kitendawili ni insha fupi kuliko zote: kina sentensi chache, hakina neno la bure, na msikilizaji lazima aelewe ndipo aweze kujibu. Mtoto atege kwanza kwa Kirundi au Kiswahili, kisha akijaribu kwa Kiingereza kwa maneno aliyo nayo. Kwa mfano, mtoto aliyeketi kibarazani akitazama taa za wavuvi wa ndagala ziwani anaweza kutega hivi: "I am a town. I stand on the water. You see me at night. In the morning I am not there."

Kesho yake aandike hayo manne katika daftari safi, lisilo la alama. Chini yake ayaandike tena, safari hii akiusema mji badala ya kuwa mji: "It stands on the water." Hapo mama, asiyejua Kiingereza, atege sikio lake la "s".